Kadi za Hanukkah mwezi wa Februari: nilivyohangaika na stoki iliyolala

Leo somo ni refu kidogo, jitilie chai kwanza. Kuna mwenzetu aliuliza wiki iliyopita: "Mimi nauza vitu vya sikukuu, sasa hiyo miezi mingine yote nikae nikiangalia simu?" Nikaona badala ya kumjibu mistari miwili, niwaeleze yaliyonipata mimi na kadi 670 za Wayahudi zilizolala chini ya kitanda cha mamangu.

Kwa mliojiunga juzi: mimi ni mtoto wa Kisauni, Mombasa. Nilimaliza kidato cha nne nikaja Chicago kwa mamangu. Biashara sikusomea mahali popote. Mchana nilikuwa napakia mizigo ghalani, usiku najifunza kuchora kwa programu ya bure kwenye laptopu iliyovunjika bawaba. Tunakaa karibu na barabara ya Devon, kaskazini mwa jiji. Ukiifuata barabara hiyo unapita maduka ya sari, mikahawa ya Wapakistani, halafu ukiendelea unaingia kwa Wayahudi: nyama ya kosher, mikate, mabango ya Kiebrania. Mimi nikiona watu wengi wanaoshika sikukuu moja, akili inaniambia "wateja hao". Ndo ugonjwa wetu sisi.

Vuli ya 2024 nikachukua dola 700 kutoka chama cha mamangu. Ni akina mama wetu wa huku, kila mwezi wanachanga. Mamangu ndiye aliyesimama mdhamini. Nikachapisha kadi 800 za Hanukkah, michoro miwili, 400 kwa 400. Ukipiga hesabu pamoja na bahasha na mfuko wake wa plastiki, kila kadi ilinigharimu kama senti 88.

Makosa yangu yalianza hapo, na hayakuwa moja.

La kwanza ni tarehe. Mwaka huo Hanukkah ilianza jioni ya tarehe 25 Desemba, siku ileile ya Krismasi. Mchapaji alichelewa, kadi zikanifikia tarehe 12. Nikajiambia, aah, wiki mbili zinatosha. Hazitoshi hata kidogo! Kadi haisafiri safari moja, inasafiri mbili. Inatoka kwangu hadi kwa mteja, mteja anakaa nayo, anaiandika, kisha anaituma kwa shangazi yake Florida. Na posta wakati wa Krismasi imefurika. Mpaka tarehe 18 nilikuwa nimeuza 130, baada ya hapo kimya. Kimya cha kaburini.

La pili ndilo lililoniuma. Mteja mmoja aliniandikia kwa upole sana kwamba mchoro wangu wa pili ni mzuri, ila kinara nilichochora si cha Hanukkah. Mimi nilichora kinara cha matawi 7. Hicho ni kile cha Hekaluni, kile kilichopo pia kwenye nembo ya taifa la Israeli. Cha Hanukkah kina nafasi 9: nane za siku nane, na moja ya mshumaa unaowashia mingine. Nilikuwa nimechapisha kadi 400 zenye kosa ambalo mtoto wao wa chekechea angeliona. Kati ya zile 130, hamsini zilikuwa za mchoro huo. Nikawaandikia wote walionunua, nikawaeleza, nikawarudishia pesa. Usiku huo sikulala.

Januari ikafika, akina mama wa chama wakaanza kuuliza. Si kwa ubaya, lakini mnajua vile mama anaulizwa mbele ya wenzake, "mwanao vipi?" na wewe umekaa pembeni unasikia. Hapo ndipo nilipolazimika kufikiri.

Nilianza kwa kwenda kuuliza. Kuna mzee anauza vyombo vya ibada na vitabu, nikamwamkia, nikamwonyesha kadi zangu zote mbili. Alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akanifunga mlango wa duka, akanikalisha, akanipa elimu ambayo ningetakiwa kuitafuta kabla ya kukopa. Aliniuliza kwanza: kwa nini ulianza na Hanukkah? Nikasema ndiyo ninayoiona madukani. Akaniambia unaiona kwa sababu iko jirani na Krismasi. Kadi zao za asili ni za mwaka mpya, Rosh Hashanah. Akatoa kwenye droo kadi za zamani za miaka ya 1900 mwanzoni, zilizochapwa Ujerumani, zina rangi na maandishi ya dhahabu, zilikuwa zikiuzwa Poland na hapa Marekani. Yaani watu hawa wametumiana kadi za mwaka mpya zaidi ya miaka mia, na mimi nimekuja na kinara cha matawi saba!

Kingine alichonifundisha ni kalenda, na hii nyote mnaouza vitu vya sikukuu ishikeni. Sisi wa pwani tumezoea Idi, inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, leo iko kiangazi, baada ya miaka iko masika. Wayahudi nao wanafuata mwezi, lakini wanaongeza mwezi mzima mara 7 katika kila miaka 19, ili Pasaka yao isitoke kwenye majira ya machipuko. Kwa hivyo sikukuu zao zinacheza mbele na nyuma, lakini hazizunguki mwaka mzima. Hanukkah 2024 ilikuwa jioni ya 25 Desemba, 2025 ikawa jioni ya 14 Desemba, na mwaka huu 2026 ni jioni ya tarehe 4. Ukikariri tarehe ya mwaka jana umekwisha.

Na msisitizo uko kwenye "jioni". Siku yao inaanza jua likizama. Mtu wa Mombasa hahitaji kuelezwa sana hapo, sisi tukisema usiku wa Ijumaa tunamaanisha ule wa kuamkia Ijumaa. Lakini kalenda nyingi za simu zinaandika tarehe ya mchana tu, na muuzaji akiahidi mzigo utafika "siku ya sikukuu", mteja anaupata sikukuu imeshaanza jana.

Sasa tuje kwenye Februari yenyewe.

Sitawadanganya: kadi za Hanukkah nilizouza Januari na Februari zilikuwa 9. Tisa. Nilishusha bei, nikaweka picha mpya, nikarusha matangazo ya dola 20, tisa. Asiyetaka kitu hata ukimpa nusu bei hakitaki. Pesa ya tangazo ile ningenunua karatasi.

Kilichonitoa ni kuacha kujiuliza "nitauzaje kadi ya Hanukkah Februari" na kuanza kujiuliza "yule aliyeninunulia Desemba, Februari anahitaji kadi gani?" Mteja ni yuleyule, jina lake ninalo, anwani ninayo. Sikukuu imepita, lakini maisha yake hayajasimama. Watu wanaoana mwezi wowote isipokuwa vipindi vichache ambavyo dini yao inazuia. Watoto wa kiume wanafikisha miaka 13 wanafanyiwa bar mitzvah, wasichana wanafanyiwa bat mitzvah wakiwa na miaka 12 au 13, kutegemea familia. Watu wanazaliwa, watu wanafariki. Kila Ijumaa jioni kuna mtu amealikwa chakula cha Shabbat na anataka kumshukuru mwenye nyumba. Huo ndio msimu usioisha, na mimi nilikuwa nimeupita nikikimbilia wiki mbili za Desemba.

Mtaji sikuwa nao tena. Nikaanza na kile kibaya. Zile kadi za matawi 7 zilizobaki zilikuwa 350 (zile nilizorudisha pesa sikudai warudishe kadi). Mbele zina mchoro tu, maneno ya Hanukkah yako ndani upande wa nyuma. Nikanunua kikata karatasi cha mtumba, nikakata kila kadi kwenye mkunjo, nikabaki na kipande cha mbele, mchoro upande mmoja, upande wa pili mweupe. Kadi bapa ya kuandikia ujumbe wowote. Na kinara cha Hekalu ni alama yao halali mwaka mzima, kosa lilikuwa kukiita cha Hanukkah. Thelathini niliziharibu kwa kukata vibaya, 320 zikawa pakiti 32 za kumi kumi. Nikaenda mwenyewe kwenye shule moja ya Kiyahudi, nikaomba kuonana na karani, nikamwambia ukweli wote, hadi lile kosa. Akacheka kama mzee. Walichukua pakiti 20 kwa dola 11 kila moja, walimu waandikie wazazi. Dola 220 siku moja! Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kwa mwekahazina wa chama kabla sijazigusa.

Somo dogo hapo: bidhaa iliyoharibika usiifiche, iulize inaweza kuwa nini kingine. Ila usimuuzie mtu kama ilivyokuwa ukijua ina kosa.

Halafu ikaja Purim. Hii ni sikukuu ya kitabu cha Esta kwa wanaosoma Biblia. Mwaka huo ilianza jioni ya 13 Machi. Siku hiyo ni wajibu mtu kumpelekea rafiki angalau vyakula vya aina mbili, na familia nyingi hazimpelekei mmoja, zinapeleka kwa majirani wote, walimu, wafanyakazi wenza. Kila kikapu kinataka kijikadi kidogo chenye jina la familia. Haya, hesabu familia moja yenye vikapu 30. Nikachapisha nyumbani vijikadi vya kufungia, pakiti ya 24, jina la familia naandika bure. Sikununua stoki: karatasi nanunua oda ikiingia. Wiki tatu nilikuwa nakata mpaka vidole vikaota sugu. Na ukitafuta Purim mtandaoni, wauzaji hawajajaa kama Hanukkah, kwa sababu wageni kama mimi hata hawaijui.

Kadi za pole nazo zinahitaji adabu. Wayahudi wanazika haraka kama sisi Waislamu, na baada ya maziko familia inakaa nyumbani siku saba, inaitwa shiva, watu wanakwenda kuwapa pole. Mnunuzi wa kadi hii hana muda wa kungoja wiki. Kwa hivyo kwenye kichwa cha bidhaa niliandika kwamba natuma siku hiyohiyo, na kweli natuma, hata kama ni kutembea hadi posta kwenye theluji. Mchoro uwe wa kimya. Mimi nilitaka kuweka maua, mzee akanikataza, kwamba maua kwenye msiba si desturi yao. Maneno waliyozoea ni kumwombea marehemu kwamba kumbukumbu yake iwe baraka. Basi, hayo tu. Kadi hiyo haina picha ya kuvutia, haina rangi, na ndiyo inayouza kila mwezi bila kukosa.

Niwape na makosa mengine upesi upesi ili msirudie. Yom Kippur ni siku ya kufunga na kutubu, usiandike "furaha tele" ukachora keki. Kadi ya Pasaka yao usichore mkate, ndiyo wiki wasiyokula kitu kilichochachuka. Kiebrania kinaandikwa kutoka kulia kama Kiarabu, na programu nyingi za kuchora ukibandika maneno zinageuza herufi nyuma mbele. Ni kama uandike "karibu" ikatoka "ubirak". Mimi namlipa mwanafunzi mmoja anayesoma Kiebrania dola 15 kwa kila maandishi mapya kabla sijachapa. Na jina la Mungu likiandikwa kamili kwa Kiebrania, wanaoshika dini hawalitupi kwenye taka, wanaliweka kando wakalizike. Waislamu mtaelewa, ni kama karatasi yenye aya. Kwa hivyo kwenye kadi zangu jina hilo siliweki, maana sitaki kumpa mteja mzigo wa kadi asiyoweza kuitupa.

Kosa la Shabbat lilinipa nyota moja. Juni, Ijumaa mchana, mtu akaagiza kadi za bat mitzvah zenye jina la binti yake. Tahajia sikuielewa nikamwandikia. Kimya. Jumamosi asubuhi nikamwandikia tena. Kimya. Jumamosi saa kumi na mbili jioni nikaghairi oda nikijua ni mchezo. Kumbe kuanzia Ijumaa jua likizama hadi Jumamosi usiku hagusi simu, na Chicago mwezi wa Juni jua linazama karibu saa mbili na nusu usiku! Alipofungua simu akakuta oda imeghairiwa na sherehe iko karibu. Alikasirika, na alikuwa na haki. Siku hizi Ijumaa nikiulizwa au nikiuliza, nangoja hadi Jumapili.

Sasa hesabu, maana najua mnaingoja. Ninauza Etsy. Kila bidhaa ukiiweka unalipa senti 20, inakaa miezi 4. Ikiuzwa wanakata asilimia 6.5, na ada ya malipo kwa muuzaji wa Marekani ni asilimia 3 pamoja na senti 25. Kadi moja niliiuza dola 4.50, posta humohumo. Makato yote ni senti 88, kadi yenyewe senti 88, stempu wakati huo senti 78, bahasha ya nje senti 15. Inabaki dola 1.81. Pakiti ya kadi 8 kwa dola 24: makato 2.73, kadi 7.04, kutuma kama dola 5, sanduku senti 60. Inabaki dola 8.63. Muda wa kufunga ni karibu uleule. Kadi moja moja nimebakiza za pole na harusi tu, sikukuu zote ni pakiti. Na bahasha za mraba achaneni nazo, zinapendeza lakini posta ya Marekani inazitoza nyongeza kwa sababu mashine haizipendi.

Zile kadi 311 za Hanukkah zilizokuwa sahihi nilifanya nini? Nilizifunika vizuri nikazitoa chini ya kitanda, ukuta wa pale una unyevu. Kilichoniokoa ni kwamba sikuandika mwaka juu yake. Nilitaka sana kuandika 2024 kwa herufi za dhahabu, pesa ikawa haitoshi. Alhamdulillahi kwa umaskini! Kadi isiyo na mwaka inalala, haifi. Mteja anayetaka mwaka, tuseme 5787 ya Rosh Hashanah hii inayokuja, namchapishia kwa oda na analipa kwanza.

Bidhaa yenyewe sikuiondoa dukani. Niliiacha, nikabadilisha maneno: Hanukkah na Chanukah yote mawili, maana watu wanaandika tofauti na wote wanatafuta kitu kimoja. Vilevile Passover na Pesach. Na Agosti 2025, jua kali, nikaanza kuandikia ofisi. Ofisi haisubiri Desemba, ina bajeti na ina mtu wa kuidhinisha. Niliandika barua pepe 40, nikajibiwa 6, zikanunua 3. Ofisi moja ya madaktari wa meno ilichukua kadi 96 kwa mpigo. Wateja wa zamani niliwaandikia Oktoba baada ya sikukuu zao za vuli kwisha, kabla ya hapo wana mambo mengi. Deni la chama lilikwisha wiki ya kwanza ya Novemba.

Kwa wanaotaka kujaribu mwaka huu: Rosh Hashanah inaanza jioni ya 11 Septemba 2026, kwa hivyo kadi ziwe dukani mwanzoni mwa Julai na msiahidi mtu baada ya 25 Agosti. Hanukkah jioni ya 4 Desemba, mapema sana, ukingoja Novemba iishe umechelewa. Purim mwaka huu ilikuwa jioni ya 2 Machi, lakini 2027 ni jioni ya 22 Machi, kwa sababu ule mwezi wa ziada unaingia. Pasaka yao nayo inasogea hadi jioni ya 21 Aprili 2027.

Mimi kadi za matufaha na asali za Rosh Hashanah nimezipandisha jana, pakiti 40, hazina mwaka. Za Hanukkah zile za zamani zimebaki 14. Mamangu kanikataza kuweka chochote chini ya kitanda chake tena, sasa ziko juu ya friji.